Jina humtangulia mwombaji kazi: kufanana na wengi kunalipa nini hasa?

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Ni ushauri mzuri kwa mgeni wa siku tatu, kwa sababu akirudi kwao atalifumbua. Jamii ndogo inayoishi ndani ya jamii kubwa haina pa kurudi. Pale ilipo ndipo kwao. Ikiambiwa ifumbe jicho, imeambiwa ilifumbe kwa vizazi: iache lugha nyumbani, iwape watoto majina ya wengi, ipunguze ibada zinazoonekana, isahau lafudhi. Malipo inayoahidiwa ni kazi. Fanana nasi, inaambiwa, na ajira itafuata.

Ahadi hii imepimwa kwa zaidi ya nusu karne, na majibu yake yanapaswa kuwasumbua wote wanaoendelea kuitoa.

Ilipata nguvu ya kitaalamu mwaka 1978, pale mchumi Barry Chiswick alipochambua takwimu za sensa ya Marekani ya 1970. Aliona kwamba wanaume wahamiaji huanza na kipato cha chini kuliko wazawa, pengo likapungua mwaka hadi mwaka, na baada ya miaka kati ya 10 na 15 wakawafikia na hata kuwapita. Mwaka 1985 mwenzake George Borjas akaonyesha kasoro ya hesabu hiyo. Sensa moja ni picha moja tu. Mhamiaji mwenye miaka 20 nchini na yule mwenye miaka 2 wanaoonekana katika picha hiyo ni watu wawili tofauti, waliofika nyakati tofauti, kwa sababu tofauti na wakiwa na elimu tofauti. Waliokata tamaa wakarudi walikotoka hawamo kabisa. Kwa hiyo sehemu ya kile kilichoitwa kupanda kwa kuzoea ilikuwa ni tofauti kati ya makundi ya watu. Mwaka 2014 Ran Abramitzky, Leah Boustan na Katherine Eriksson waliwafuatilia watu wale wale kutoka sensa moja hadi nyingine, 1900, 1910 na 1920. Mhamiaji wa kawaida hakuanza nyuma sana kama ilivyodhaniwa, na kasi yake ya kupanda ilikuwa karibu sawa na ya mzawa. Waliotoka nchi ambazo wahamiaji wake walianza nyuma walibaki nyuma, na sehemu ya pengo lao ikawafuata hadi kwa watoto. Kwa hiyo ripoti yoyote ikikuambia kwamba jamii fulani inazoea vizuri, uliza kwanza: hawa waliopimwa mwishoni ndio wale waliopimwa mwanzoni?

Hapa inabidi kutenganisha mambo mawili ambayo mjadala huyachanganya. Kuna pengo linalotokana na kile mtu anachoweza kujifunza: lugha ya kazi, namna ya kuandika barua ya maombi, kujua nafasi hutangazwa wapi, kupata cheti kinachotambulika. Pengo hili ni la kweli, na kujifunza hulipunguza. Nisingemshauri kijana yeyote apuuze lugha ya soko analotaka kuliingia. Pengo la pili linatokana na kile ambacho mtu mwingine, aliyekaa upande wa pili wa meza, anaamua juu yako kabla hujafungua kinywa. Hilo kujifunza hakuligusi. Sera nyingi za kuiingiza jamii ndogo ndani ya jamii kubwa hugharamia la kwanza na kulinyamazia la pili.

Pengo la pili hupimwa kwa njia inayoeleweka na yeyote. Unatafuta matangazo ya kazi yaliyo wazi. Unatengeneza wasifu wa waombaji wa kubuni, wenye elimu inayolingana, uzoefu unaolingana na uandishi wa kiwango kimoja. Unapachika majina kwa bahati nasibu: baadhi yanayotambulika kuwa ya jamii ya wengi, mengine ya jamii ndogo. Kila jina linapewa namba ya simu na anwani ya barua pepe inayofanya kazi. Unatuma, ukiachanisha muda ili mwajiri asishtuke, kisha unahesabu nani kapigiwa simu. Kwa kuwa majina yamegawanywa kwa kura, tofauti ya simu haiwezi kusingiziwa elimu wala bidii.

Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walifanya hivyo Boston na Chicago kati ya 2001 na 2002, wakituma karibu wasifu 5,000 kwa matangazo yapatayo 1,300. Majina waliyachagua kutoka kwenye kumbukumbu za watoto wanaozaliwa, yale yanayojitokeza zaidi kwa Wazungu na yale yanayojitokeza zaidi kwa Weusi. Wenye majina ya Wazungu, kama Emily na Greg, waliitwa mara moja katika kila maombi 10 hivi. Wenye majina ya Weusi, kama Lakisha na Jamal, mara moja katika kila 15. Tofauti hiyo ya asilimia 50 ililingana na faida ya kuongeza miaka 8 ya uzoefu kwenye wasifu.

Kinachonishika zaidi katika jaribio hilo hutajwa mara chache. Watafiti walitengeneza pia wasifu wa daraja la juu na wa daraja la kawaida. Kwa wenye majina ya Wazungu, ubora uliongeza simu kwa takriban asilimia 30. Kwa wenye majina ya Weusi, nyongeza ilikuwa ndogo mno. Maana yake ni kwamba cheti kile kile na uzoefu ule ule havina thamani moja mikononi mwa watu wawili. Kijana wa jamii ndogo anaambiwa asome zaidi, anasoma, kisha anakuta soko limekipunguzia bei cheti chake. Na kama kukisotea kunagharimu sawa na kwa mwenzake huku faida ni ndogo, tusishangae baadhi wakiacha shule mapema. Halafu takwimu za kuacha shule zinachukuliwa kuwa ushahidi kwamba jamii ile haipendi elimu.

Njia hii ina mipaka yake, na anayeitumia bila kuijua atadanganyika. Jina hubeba tabaka pamoja na asili: jina linalosikika la watoto wa maskini litakuponza hata ukiwa wa jamii ya wengi, hivyo majina lazima yajaribiwe kwanza kwa watu wa kawaida kuona yanawaambia nini. Simu si ajira. Baada ya simu kuna usaili, na baada ya usaili kuna mshahara. Tena jaribio linagusa kazi zinazotangazwa pekee, wakati sehemu kubwa ya kazi hupatikana kwa kujuana. Haya mawili ya mwisho yanaonyesha kwamba pengo la simu linaweza kuwa dogo kuliko pengo zima.

Sasa turudi kwenye kufanana, maana hapa majaribio yanatoa jibu la moja kwa moja. Mwaka 2009 Claire Adida, David Laitin na Marie-Anne Valfort walituma maombi kwa waajiri Ufaransa kwa majina yakiwemo haya mawili: Marie Diouf na Khadija Diouf. Itazame karatasi yenyewe. Jina la ukoo ni moja, Diouf, la Senegal, kwa hiyo rangi na asili ni zile zile. Elimu ni ile ile. Marie amewahi kufanya kazi katika shirika la misaada la Kikatoliki. Khadija katika shirika la misaada la Kiislamu. Marie alikuwa katika skauti ya Kikatoliki, Khadija ya Kiislamu. Mistari miwili mitatu tu, tena yote ya kazi za kujitolea ambazo kwa kawaida humpamba mwombaji. Marie aliitwa katika asilimia 21 ya maombi yake. Khadija, asilimia 8.

Mtu anaweza kusema basi dawa ndiyo hiyo: kila Khadija aondoe mistari ile. Wapo wanaofanya hivyo. Sonia Kang na wenzake walichapisha mwaka 2016 utafiti juu ya waombaji Marekani wanaousafisha wasifu wao: wanafupisha jina la asili au kulibadilisha na la Kiingereza, wanafuta uanachama katika chama cha wanafunzi Weusi au cha wanafunzi wenye asili ya Asia. Walipojaribu wasifu wa aina hiyo kwa maombi 1,600, mwombaji Mweusi aliyesafisha wasifu aliitwa kwa asilimia 25, asiyesafisha asilimia 10. Mwenye asili ya Asia alitoka asilimia 11.5 akafika 21. Kwa hiyo naam, kujificha kunalipa. Nchini Sweden, Mahmood Arai na Peter Skogman Thoursie walikuta jambo la aina hiyo kwenye mishahara: wahamiaji kutoka Asia, Afrika na nchi za Waslavi waliobadili majina ya ukoo miaka ya 1990 wakachukua ya Kiswidi au yasiyotambulisha asili, kipato chao kilipanda baada ya mabadiliko. Lugha haikubadilika siku ile. Ujuzi haukuongezeka. Kilichobadilika ni karatasi.

Matokeo haya hutumiwa kutetea kufanana. Mimi nayasoma kinyume. Kama mtu yule yule, akili ile ile, anapata zaidi kwa kufuta jina la babu yake, basi kilichokuwa kinamzuia hakikuwa ndani yake. Faida ya kubadili jina ndiyo kipimo cha ukubwa wa ubaguzi. Na gharama yake hulipwa na upande mmoja tu: anayebadili jina hulipa, anayechuja maombi halipi kitu.

Utafiti wa Kang una sehemu nyingine ambayo kila idara ya rasilimali watu ingeibandika ukutani. Waajiri walioandika kwenye tangazo kwamba wanathamini watu wa asili zote hawakuwa na ubaguzi mdogo kuliko waliokaa kimya. Ila waombaji waliposoma maneno hayo waliamini, wakausafisha wasifu wao kidogo zaidi. Hivyo tangazo la ukaribisho, lisiloambatana na mabadiliko ya namna ya kuchuja, humvua mwombaji kinga yake mbele ya mtu ambaye hajabadilika.

Kipimo kikali kuliko vyote ni kizazi cha pili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na hawa si wageni hata wa siku moja. Kati ya mwishoni mwa 2016 na 2017, Valentina Di Stasio na Anthony Heath walituma karibu maombi 3,200 kwa waajiri Uingereza. Waombaji wote wa kubuni walikuwa wamezaliwa huko au wamefika kabla ya kutimiza miaka saba, na elimu yao yote waliipata huko. Lugha ilikuwa yao, shule zilikuwa zile zile, uraia haukuwa na mashaka. Wenye majina ya jamii ya wengi walijibiwa vizuri kwa asilimia 24. Wa jamii ndogo kwa asilimia 15. Ili kupata jibu moja zuri, mtu wa jamii ndogo alihitaji kutuma maombi asilimia 60 zaidi. Watafiti walipolinganisha na majaribio ya aina hiyo yaliyoanza mwaka 1969, hawakuona dalili kwamba hali ya Weusi na ya wenye asili ya Pakistan imepungua ukali. Marekani nako, Lincoln Quillian na wenzake walijumlisha majaribio yaliyofanyika tangu 1989 wakakuta ubaguzi dhidi ya Weusi wakati wa kuita usaili haujashuka kwa miaka 25. Kama kuzoea ndiko kungekuwa ufunguo, hawa wangekuwa ndani zamani.

Kuna kosa jingine la wapangaji sera: kudhani kwamba watu wa asili moja wakikaa pamoja wanajinyima ajira, kwa hiyo watawanywe. Sweden ilijaribu kuanzia 1985, ikawagawanya wakimbizi sehemu mbalimbali za nchi badala ya kuwaacha waende miji waliyoitaka. Per-Anders Edin, Peter Fredriksson na Olof Åslund walipofuatilia vipato, walikuta sera hiyo iliwarudisha nyuma wakimbizi, na kwamba kuishi karibu na watu wa asili yao kuliwasaidia hasa wenye elimu ndogo. Sababu haina mafumbo. Mark Granovetter alipowauliza wanaume wa mji wa Newton, Massachusetts, walivyopata kazi zao, zaidi ya nusu walitaja mtu wanayemfahamu. Mgeni aliyetawanywa hana mtu wa kumfahamu. Jirani wa kwao anajua kiwanda gani kinaandika watu Jumatatu, msimamizi gani ni muungwana, karatasi gani itaombwa mlangoni. Kweli, mtandao huo una dari: hukufikisha pale jirani alipofika, na mara nyingi si mbali. Lakini kuubomoa bila kufungua mwingine ni kumnyang'anya mtu ngazi fupi ukimwahidi ndefu ambayo haipo.

Tufanye nini basi? Wengi hukimbilia kuficha majina. Wazo hilo linavutia na nisingelitupa, lakini lishikwe kwa uangalifu. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2006 ya kuzitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zipokee wasifu usio na jina. Amri ya utekelezaji haikutolewa, na 2015 likafanywa jambo la hiari. Katikati hapo lilifanyika jaribio, na matokeo yakawashtua walioliandaa: wenye asili ya uhamiaji waliitwa mara chache zaidi pale majina yalipofichwa. Kampuni zilizokubali kushiriki zilijitolea zenyewe, na huenda zilikuwa tayari zinawavumilia waombaji wa jamii ndogo. Mchujaji aliyeona jina na mtaa alikuwa akielewa kwa nini kuna miaka miwili bila kazi au kwa nini uandishi una makosa. Jina lilipoondoka, pengo lile likabaki pengo tu. Gothenburg, Sweden, kuficha majina kuliwaongezea watu wa jamii ndogo nafasi ya kufika kwenye usaili, lakini si nafasi ya kupewa kazi. Kikwazo kilihamia chumba cha pili.

Chumba hicho ndicho kinachohitaji ukarabati mkubwa zaidi. Mwaka 2012 Lauren Rivera alionyesha jinsi kampuni kubwa za sheria, benki za uwekezaji na ushauri Marekani zinavyochagua: wasaili walitafuta watu wanaofanana nao hata katika michezo na mapumziko, wakaita hali hiyo kuendana na kampuni. Neno "ataendana nasi" likiwa kigezo, jamii ndogo imeshashindwa kabla ya swali la kwanza.

Usaili uliopangwa hupunguza hilo, ukifanywa kwa ukamilifu. Kabla ya kufungua maombi, andika kazi inahitaji nini, vigezo vitano au sita, basi. Kwa kila kigezo tunga maswali, na uandike mapema jibu la alama 1 linafananaje, la 3 na la 5. Waulize wasailiwa wote maswali yale yale kwa mpangilio ule ule. Kila msaili atoe alama zake peke yake, kigezo kimoja baada ya kingine, kabla ya mtu yeyote kusema neno; ukianza na mazungumzo, alama zote zitamfuata mwenye cheo. Pale kazi inaporuhusu, mpe mwombaji kipande cha kazi yenyewe akifanye. Kinachoharibu utaratibu huu ni kile kisanduku cha mwisho cha "maoni ya jumla". Humo ndimo lafudhi, mavazi na jina hurudi kwa mlango wa nyuma. Kifute. Nafasi inayojazwa kwa mapendekezo ya wafanyakazi itangazwe pia hadharani kwa siku zile zile, na wanaopendekezwa wapite kwenye mchujo ule ule. Lugha nayo ipimwe kwa mahitaji ya kazi: anayeendesha mtambo anahitaji kuelewa maagizo ya usalama, hahitaji ufasaha wa mtangazaji.

Na pahesabiwe. Mwaka 1978 Marekani iliwapa wakaguzi kanuni ya sehemu nne kati ya tano: kiwango cha kupita cha kundi moja kikiwa chini ya asilimia 80 ya kile cha kundi linalopita zaidi, kuna jambo la kuelezwa. Chukulia nafasi iliyovuta maombi 200, 120 ya jamii ya wengi na 80 ya jamii ndogo. Wakiitwa 30 kati ya 120, hiyo ni asilimia 25. Wakiitwa 12 kati ya 80, hiyo ni asilimia 15. Gawanya 15 kwa 25 unapata 0.6, chini kabisa ya 0.8. Idadi ikiwa ndogo, jumlisha nafasi za mwaka mzima, maana kwa waombaji kumi mtu mmoja anageuza hesabu yote. Kisha rudia hesabu kwa kila hatua peke yake: mchujo wa karatasi, usaili wa kwanza, usaili wa mwisho, ofa, kiwango cha mshahara ulioanzia, na kupandishwa cheo baada ya miaka mitatu. Hesabu ya mwisho pekee haisemi maji yanavujia wapi.

Patrick Kline, Evan Rose na Christopher Walters walipotuma maombi yapatayo 83,000 kwa kampuni 108 miongoni mwa kubwa zaidi Marekani, walikuta karibu nusu ya simu zote ambazo waombaji Weusi walizikosa zilipotelea katika moja ya tano tu ya kampuni hizo. Kampuni zilizobaki zilikuwa na pengo dogo zaidi, zikiajiri katika nchi ile ile na chini ya sheria ile ile. Mkaguzi wa kazi anayetaka kujua aanzie wapi anaweza kuzidai hesabu za kila hatua, kampuni kwa kampuni, na kuanza na zile zenye pengo kubwa.